Suruali ya Kupandia Dlingo

Giriloyo, 20 Juni 1994

Kwako Mama mdogo Ratmi,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Tangerang, wewe na wenzako wa chumba kimoja. Sisi hatujambo. Bibi bado anakwenda gulio la Imogiri kwa baiskeli, kajifunga batiki yake hadi kifundoni, ndizi kazipakia nyuma, na anawapigia kengele hata wenye pikipiki. Baba yuko kwenye mavuno ya miwa, tunamwona Jumapili. Mama anamalizia kuchora kwa nta kitambaa cha batiki cha harusi ya watu wa mjini. Mgongo unamuuma, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama nta nayo itapumzika.

Mimi nimemaliza shule. Wiki mbili sasa nakaa nyumbani, na kukaa ndiko kunakonishinda. Nikishika kalamu ya nta, tone linaangukia pasipotakiwa, na Mama anavuta pumzi kwa pua. Juzi kanihamishia kwenye kuosha vitambaa.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la Mama: anauliza kama umenipatia nafasi ya kazi kiwandani kwenu.

La pili ni langu, na naona haya kulisema. Jumapili tarehe 25 Septemba kuna mchujo wa wasichana wanaoendesha baiskeli, kutoka Imogiri kupanda hadi Dlingo. Watachukuliwa wanne kwenda kambi ya mazoezi mjini Yogya. Mama amekubali niingie kwa masharti mawili. Nisionekane mguu, mpaka kifundoni. Na nikishindwa, Oktoba napanda basi kuja kwako kushona.

Nguo za baiskeli za dukani ni za wanaume na zinaishia juu ya goti. Kwa hiyo naendesha na suruali ya michezo ya shule. Imenaswa na mnyororo mara mbili, na mara ya pili nilitumbukia mtaroni. Mama nilimwambia nimekwaruzwa na mwanzi. Mwalimu Darsono anayetufundisha baiskeli alinitazama akasema mbele ya wote, "Wening, hiyo umevaa suruali au chandarua? Unapanda mlima au unakimbia mbu?"

Wewe unashona nguo za michezo kila siku. Je, huko kinapatikana kile kitambaa kinachovutika? Nikikipata nitashona mwenyewe.

Swali moja dogo. Baiskeli ninayoendesha, ile iliyokuwa ghalani, chini ya rangi yake kumechongwa herufi R. Ni nani huyo?

Akusalimuye kwa heshima,
Wening


Tangerang, 6 Julai 1994

Wening mwanangu,

Waalaikum salaam. Mimi mzima. Chumbani tuko wanne na feni moja, na feni yenyewe inampenda Yuliati peke yake. Joto ni la kupikia wali. Mwambie Bibi nimeota tempe yake ya soya ya kukaanga mara mbili wiki hii.

Unaniandikia kama vile mimi ni fundi. Sikiliza. Nina miaka kumi na mitano kiwandani, nimepitisha mikononi suruali zisizo na idadi, na sijawahi kushona suruali. Nashona mshono wa ndani wa mguu wa kushoto. Wa kulia ni wa Yuliati. Anayekata yuko ghorofa ya chini, na anayetia mpira wa kiunoni sijui hata jina lake. Suruali inanifikia haina kiuno na inaniacha ikiwa na mguu mmoja tu ulioshonwa. Kwa hiyo ukitaka ushauri wa mguu wa kushoto, uliza. Mwingine utafute kwa wenye akili.

Kitambaa nimekipata kwenye soko la masalia, mita mbili, kiko ndani ya kifurushi hiki. Cheusi chenye majani madogo ya kijani. Rangi sikuchagua, ndiyo iliyokuwepo. Vuta uone, kinarudi chenyewe kama mpira.

Baiskeli za zamani zina mikwaruzo mingi. Ipake rangi.

Kazi imeniita.
Mama mdogo wako, Ratmi


Giriloyo, 22 Julai 1994

Mama mdogo Ratmi,

Assalamu alaikum. Kifurushi kilifika salama na asante haitoshi. Bibi anakusalimu, anasema tempe ya ndotoni haishibishi, njoo. Mvua hakuna, kisima kimeshuka. Kuku wa jirani ametaga ndani ya kapu la vitambaa vya Mama na sasa kuna kesi.

Naomba usicheke mpaka nimalize.

Unaijua nyumba hii. Kitambaa chenye mchoro hakikatwi mpaka Mama akining'inize ukutani aone kichwa cha mchoro kiko wapi. Alikining'iniza chako, akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Majani yanaota kwenda juu. Mguu usimame na majani yasimame." Nilifumua suruali yangu ya zamani kupata umbo, nikalichora kwenye gazeti, nikalilaza juu ya kitambaa, majani yamesimama wima kama askari. Nikakata. Nikashona kwa cherehani yetu ya kukanyaga, mshono ulionyooka. Ilipendeza, Mama mdogo! Hata Mama alisema, "Si mbaya," na Mama hasemi hivyo.

Kuvaa tu kulinichukua muda, mapajani ilibana kama ngozi ya ngoma. Nikadhani ndivyo zinavyokuwa. Nikapanda kuelekea Dlingo. Pale kwenye kona kali yenye kibanda cha chai cha Mzee Karto niliinuka kwenye kiti ili nikanyage kwa nguvu, nikasikia "krrr", kisha upepo.

Wazee walikuwa wamejaa kibandani. Mzee Karto akaita, "We binti! Huko nyuma umefungua duka, bidhaa ziko nje!" Mwingine akasema, "Tupe bei basi!" Nilishuka, nikajifunga koti kiunoni, nikaikokota baiskeli hadi nyumbani. Ni kilomita sita, nimezihesabu zote.

Nilimweleza Bibi peke yake. Alicheka hadi akashika nguzo, akasema, "Kona ileile!" Nikamuuliza kona ileile ya nini. Akasema anakwenda kulisha kuku. Kuku walikuwa wameshalishwa.

Siku tano sijatoka. Natembea kutoka jikoni hadi uani na kurudi, Mama anasema nitachimba njia. Kimebaki kitambaa kifupi, sentimita tisini tu, hakitoshi urefu wa mguu wangu. Nimekosea wapi? Na ile kona, Bibi alitaka kusema nini?

Na Mama anauliza tena kuhusu nafasi.

Wening


Tangerang, 9 Agosti 1994

Wening,

Nimechelewa kwa sababu tulikuwa na oda kubwa na tulishona mpaka Jumapili. Afya ipo. Yuliati amechumbiwa, feni sasa itagawanywa kwa haki.

Sikucheka. Yuliati alicheka, nikamnyima chumvi.

Kipande kidogo nilichobakiza cha kitambaa chako nilimpelekea Gito, mkataji wa ghorofa ya chini, wakati wa chakula. Nikamweleza habari ya majani. Akaweka kijiko chini. "Hao jamaa zako wanakata kitambaa cha michezo kama sanda ya mfalme?" Kisha akakishika kwa mikono miwili akakivuta kwa urefu: kikaenda, kikaenda. Akakivuta kwa upana: kikagoma. Akasema upande unaovutika lazima uzunguke mwili. Ninyi mmeupeleka kutoka kiunoni hadi kifundoni, na paja likaachiwa upande mgumu. Lazima lipasue.

Basi laza karatasi yako kwa upana, mguu uende kutoka ukingo mmoja wa kitambaa hadi mwingine. Hizo tisini zitatosha na kubaki. Majani yatalala. Yaache yalale, hakuna atakayekufa kwa jani kulala pajani.

Gito ameongeza haya: mshono ulionyooka hukatika kitambaa kikivutika, kwa hiyo shona kwa mshono wa zigizaga. Kama cherehani haina, ushonwe kwa mkono, sindano irudi nyuma kila hatua, huku umekivuta kitambaa kidogo. Bibi anaujua mshono huo. Sindano zenye ncha butu nimezitia ndani ya bahasha, usijichome. Mahali pa kukalia weka tabaka tatu za blanketi laini, kipande kizima. Usiweke mshono katikati, utajuta.

Mwambie Bibi aache kulisha kuku, watapasuka.

Jana nilimwomba Yuliati anifundishe mshono wa mguu wa kulia. Akauliza wa nini. Nikamwambia, basi tu.

Ratmi


Giriloyo, 27 Agosti 1994

Mama mdogo mpendwa,

Assalamu alaikum. Hongera kwa Yuliati. Sisi tumepita sherehe za uhuru na Maulidi, wali wa manjano umetuchosha. Baba alishinda mashindano ya kukimbia ndani ya gunia na hazungumzi habari nyingine.

Jina langu sasa ni Duka. Nikipita na ndoo, vijana wanauliza, "Duka, leo umefunga saa ngapi?" Naangalia chini. Najua nikijibu watapata zaidi, na nisipojibu pia wanapata.

Nilimsomea Mama maneno ya Gito. Hakuinua hata kichwa. "Huyo Gito ni fundi wa kukata au wa kuzika? Majani ya kulala huwekewa maiti." Nikaikunja barua. Lakini Alhamisi ya wiki iliyopita alikwenda Yogya kupeleka kile kitambaa cha harusi. Nilifunga mlango. Nilikivuta kitambaa kama Gito, kikaenda na kugoma vilevile alivyosema. Nikalaza karatasi kwa upana, nikakata. Sijui kwa nini mkasi ulikuwa na kelele kiasi kile.

Mimi na Bibi tulishona kwa mkono, yeye jioni, mimi mchana. Sindano inakwenda mbele hatua moja na kurudi nusu. Bibi anasema ni mshono wa mtu anayesahau kitu nyumbani.

Mama aliporudi aliiona. Aliishika, akaiweka. Siku tatu hakunitaja kwa jina, alikuwa akiniita "huyo". "Mwambie huyo alete maji." Siku ya nne akamwambia Bibi, "Muulize huyo, Ratmi kasemaje kuhusu nafasi?" Nikajibu mwenyewe: hajasema chochote, barua zote hajasema chochote. Mama akanitazama muda mrefu, kisha akatazama baiskeli.

Nimeivaa. Haibani. Nikiinua goti inakuja nayo na nikilishusha inarudi. Nimeendesha hadi mtoni na kurudi, barabara tambarare tu. Kila siku najiambia leo nitapanda, nafika pale chini ya kona, miguu inageuza baiskeli yenyewe. Usingizi nao unanipa mgongo.

Mama mdogo, naomba unijibu mambo mawili kwa ndiyo au hapana. Nafasi ipo? Na R ni wewe?

Wening


Tangerang, 15 Septemba 1994

Wening mwanangu,

Nimeianza barua hii mara nne. Salamu utawapa wote, leo sina za mmoja mmoja.

Ndiyo. Na ndiyo.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na minane, nawapita wavulana wote wa Imogiri. Siku ya sherehe za uhuru kulikuwa na mashindano ya kupanda Dlingo, na msichana nilikuwa mimi peke yangu. Nilishona suruali kwa shuka la Bibi. Nilijivunia kila sindano. Kwenye kona ya Karto nilikuwa wa tatu. Nikainuka kwenye kiti, shuka likaachia kutoka juu hadi chini. Karto hakuwa mzee wakati huo. Akapiga kelele, "Njooni muone, mwezi umechomoza mchana!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama yako alikuwepo. Kama alicheka, sikumbuki. Miaka kumi na mitano najiambia sikumbuki.

Baiskeli niliiacha palepale. Wiki mbili wakaniita Mwezi. Wiki ya tatu nikapanda basi. Watu wanasema Ratmi alifuata kazi. Mimi niliikimbia kona.

Nafasi yako ipo tangu Juni. Msimamizi ameniuliza mara tatu. Sikukuambia kwa sababu niliona utaichukua. Kazi si mbaya, imenilisha na ada yako ya shule imetoka humu. Lakini ukija, njoo kwa kuwa umetaka. Usije kwa ajili ya Karto, hastahili watu wawili wa nyumba moja.

Naipeleka posta sasa hivi nikiwa bado na ujasiri. Ikijaliwa itafika kabla ya Jumapili hiyo.

Panda, mwanangu. Ikipasuka, panda hivyo hivyo.

Ratmi (R)


Giriloyo, 28 Septemba 1994

Mama mdogo wangu Ratmi,

Assalamu alaikum. Barua yako ilifika Jumatatu tarehe 26, siku moja baada ya mchujo. Nimeisoma mara nyingi, kisha nikampa Mama aisome mwenyewe. Nisamehe kama nimekosea.

Nakueleza ilivyokuwa.

Jumapili alfajiri, nikiwa nimevaa na mtandio nimeubana, Mama alisema, "Simama hapo." Akapiga magoti akaanza kuvuta kila mshono kwa mikono miwili, kama anayekagua mbuzi wa Idi. Ndani ya paja la kushoto akapata mahali uzi umelegea, kidogo tu. Hakuuliza nani alishona. Alichukua sindano yako butu akaurudia pale pale, suruali ikiwa mwilini, akiniambia, "Usipumue." Baada ya hapo akaondoka, nikadhani amerudi kwenye nta.

Tulikuwa wasichana kumi na mmoja. Wengine walivaa chandarua kama changu cha zamani. Nilianza nyuma kwa sababu sipendi kusukumana. Mpaka chini ya kona nilikuwa wa saba, na miguu ikaanza yale mazoea yake ya kutaka kugeuza. Nikaangalia juu. Kibanda kilijaa. Na katikati ya kibanda na barabara alikuwa amesimama Mama, peke yake, mgongo kwa Mzee Karto, mikono kiunoni.

Sikuweza kugeuza baiskeli mbele ya Mama. Niliinuka kwenye kiti.

Mzee Karto akaita kutoka nyuma yake, "Duka! Leo vipi?"

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikajibu, "Limefungwa!" Wakacheka, lakini kicheko hiki kilinisukuma. Pale pale niliwapita wawili, na karibu na juu mmoja tena.

Nilikuwa wa nne. Wanachukua wanne. Naandika polepole kwa sababu bado siamini. Kambi inaanza tarehe 10 Oktoba, na Mama amekwisha kunifungia tempe kavu kana kwamba Yogya hakuna chakula. Tafadhali mwambie msimamizi nashukuru, nafasi ampe mwingine.

Mama ameniagiza mambo mawili nikuandikie kama alivyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze.

La kwanza: "Mwambie Ratmi nilicheka. Nilicheka kabla sijajua ni nani, na nilipojua nikaendelea, kwa sababu wenzangu walikuwa wanacheka. Mwambie safari hii nilisimama."

Alipokwisha kusema alikwenda kulisha kuku.

La pili ni la majani. Anasema nilipopita pale nimeinama, paja likipanda mbele, yale majani yaliyolala yalisimama wima. Yalisimama kwenye mguu wa kulia tu, kwa kuwa miguu niliikata yote kwa kuelekeza upande mmoja. Kwenye wa kushoto yaliangalia chini. Nikamwambia nitautengeneza. Akasema, "Uache. Wa kushoto ni wa Ratmi, atakuja autengeneze mwenyewe."

Ndani ya kifurushi hiki kuna karatasi. Si gazeti, nimeihamishia kwenye karatasi nzuri ya Mama ya kuchorea. Ni suruali nzima, miguu yote miwili, kiuno, na kipande cha kukalia. Nimechora mshale mahali kitambaa kinapovutika. Vipimo nimevichukua kwa Mama, anasema mlikuwa mkivaliana nguo. Herufi kwenye fremu sikuipaka rangi.

Wako, Wening


Tangerang, 30 Oktoba 1994

Wening wa kambini,

U mzima? Mimi mzima. Barua ya maneno ya mama yako ninayo chini ya mto. Nitamjibu kwa mdomo, kwenye karatasi hayakai.

Nimeshona. Jumapili tatu, juu ya kitanda, feni ikiniangalia mimi. Mguu wa kushoto umetoka kama wa kiwandani. Wa kulia umepinda kidogo, Yuliati ameutazama akasema hata wake wa kwanza ulikuwa hivyo. Kiuno nilikifumua mara mbili. Nimeivaa nikatembea nayo chumbani, wakanishangilia kama bibi harusi. Nina miaka thelathini na mitatu, na hii ndiyo suruali yangu ya kwanza nzima tangu lile shuka.

Nimepewa likizo, nafika Imogiri tarehe 24 Desemba. Omba ruhusa kambini, na niazimie baiskeli ya Bibi, ile yangu endelea nayo. Ukipita kwenye kona mwambie Karto atenge chai mbili, tamu sana. Mwambie Mwezi na Duka wanapanda pamoja.

Ratmi